Jina Limekatwa: Kura Iende Wapi?

Julai 2015 wajumbe wa Halmashauri Kuu ya CCM waliingia ukumbini Dodoma wakiwa wameshajua kilichotokea. Kati ya makada 38 waliorudisha fomu za kuomba urais, Kamati Kuu ilikuwa imebakiza watano: Bernard Membe, John Magufuli, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Jina la Edward Lowassa, aliyezunguka mikoani akidhaminiwa na maelfu ya wanachama, halikuwamo. Mwenyekiti, Rais Jakaya Kikwete, alipoingia, sehemu ya wajumbe waliimba mbele yake kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walikuwa wamejitenga hadharani na uamuzi huo. Haikusaidia. Majina matano yalipopunguzwa kuwa matatu, Mkutano Mkuu ulimpa Magufuli kura 2,104, Amina 253 na Migiro 59. Julai 28 Lowassa akatangaza kuhamia Chadema, na muda si mrefu akawa mgombea wa Ukawa, umoja wa Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD.

Yaliyompata Lowassa yameandikwa sana. Ninayetaka kumzungumzia hapa ni mwanachama wa kawaida wa tawini, mwenye kadi yake ya kijani, anayelipa ada na kuhudhuria vikao, ambaye mwaka ule moyo wake ulikuwa kwa mtu aliyekatwa. Oktoba 25 alikabidhiwa karatasi zake tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, akaingia kwenye kituturi peke yake. Chama chake kilikuwa kimesimamisha mtu ambaye yeye hakumtaka. Aliyemtaka alikuwamo kwenye karatasi ileile, lakini chini ya bendera ya chama alichokipinga miaka yote. Afanye nini? Swali hili hurudi kila baada ya miaka mitano, na mara nyingi hujibiwa ama kwa woga ama kwa hasira.

Tuanze na woga. Wapo wanaoamini kwamba kumpigia mgombea wa chama kingine huku una kadi ya chama chako mfukoni ni usaliti. Sikubaliani nao hata kidogo. Kura ni ya raia, na sheria imeifanya siri ili asiwepo wa kumuuliza. Mwalimu Nyerere, mwasisi wa CCM, ndiye aliyesema mwaka 1995 kwamba CCM si mama yake. Ikiwa mwasisi aliweza kulitamka hilo, mwanachama wa Mbagala au Bariadi hana sababu ya kujiona mkosefu. Na kuna jambo la kiutendaji hapa. Chama kinachojua kwamba wanachama wake watakipigia kura hata kikisimamisha nani, hakina haja ya kuwasikiliza siku ya mchujo. Utii usio na masharti ndio unaowapa vigogo ujasiri wa kukata majina usiku na kutangaza asubuhi.

Hasira ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi ina haki ndani yake. Lakini lazima mtu ajiulize amenyimwa nini hasa. Marekani, mwaka 2008, Hillary Clinton alishindwa na Barack Obama baada ya mchujo uliopigwa jimbo kwa jimbo, huku yeye akipata karibu kura milioni 18. Juni 7 alisimama Washington akawaomba wafuasi wake wamuunge mkono Obama. Baadhi walikataa, wakaapa kumpigia John McCain wa Republican. Ninawaelewa, ila hao walikuwa wamehesabiwa. Walipiga kura na wenzao wakawazidi. Aliyeshindwa kwenye hesabu ya wazi ana deni la kuheshimu matokeo, na akitaka kuhama inabidi awe na sababu nyingine zaidi ya kushindwa.

Mwanachama wa CCM wa mwaka 2015 hakuwa na deni hilo. Jina la mtu wake halikufika hata mbele ya Mkutano Mkuu. Ni kweli kwamba Katiba ya chama inaipa Kamati Kuu mamlaka ya kuchuja, na ni kweli kwamba Lowassa alibeba mzigo wa Richmond, sakata lililomfanya ajiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008, ingawa mwenyewe alikana kosa. Kamati ingeweza kuwa na sababu nzuri. Lakini sababu nzuri husemwa mbele ya watu, na wapiga kura wa ndani ya chama hawakupewa nafasi ya kuipima. Kwenye ubunge mambo huwa hivyo hivyo. Julai 2020, baada ya kura za maoni za CCM, msemo kwamba wajumbe si watu wazuri ulienea nchi nzima, kila mtia nia akilalamikia waliomnyima kura. Mimi naona wajumbe walilaumiwa kupita kiasi. Wao walau walihesabiwa ukumbini, watu wakiona. Waliopindua hesabu hiyo, wakamruka aliyeongoza na kumrudisha wa pili au wa tatu, walikuwa vikao vya juu.

Kwa hiyo nasema hivi: kukatwa kwa mtu wako bila kura ni sababu halali ya kukinyima chama chako kura. Si sababu ya kutosha ya kumpa kura mpinzani. Hayo ni mambo mawili, na mwaka 2015 watu wengi waliyachanganya. Kumpa mtu kura ni kumkabidhi nchi, au jimbo, au kata, kwa miaka mitano, pamoja na chama kilicho nyuma yake. Machungu yako yatapoa kabla ya Krismasi. Miaka mitano itabaki.

Tuangalie hesabu. Lowassa alipata kura 6,072,848, na hakuna mgombea wa upinzani Tanzania aliyekuwa amewahi kufika hapo. Mikutano yake iliitwa mafuriko, na waliokuwapo wanajua jina hilo halikutiwa chumvi. Lakini mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alipata asilimia 27 na Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF asilimia 8. Jumla ni 35. Lowassa, akiwa na vyama vyote hivyo nyuma yake, alipata asilimia 39.97, dhidi ya 58.46 za Magufuli. Idadi ya kura za upinzani iliongezeka maradufu kwa sehemu kubwa kwa sababu idadi ya waliojitokeza nayo ilikaribia kuongezeka maradufu, kutoka takriban milioni 8.6 hadi zaidi ya milioni 15. Kwa asilimia, kishindo chote kile kiliongeza pointi kama tano tu. Ina maana sehemu kubwa ya wana-CCM waliomlilia Lowassa Julai, ilipofika Oktoba walirudi nyumbani. Au wapo waliohama, lakini nafasi yao ikajazwa na waliotoka upande wa pili.

Hao wa upande wa pili tunawasahau. Mwaka ule Chadema nayo ilikuwa na wanachama waliokatiwa mtu wao. Dk. Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010 na kukijenga chama kwa hoja ya kupinga ufisadi, alijiweka kando, na Septemba 1 akatangaza kuachana na siasa za vyama akimshutumu Lowassa waziwazi. Lipumba alikuwa ameshajiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 6. Mwanachama wa Chadema aliyekuwa amesikia jina la Lowassa likishambuliwa jukwaani kwa miaka kadhaa aliambiwa sasa alishangilie. Upande wa pili alikuwapo Magufuli na "Hapa Kazi Tu", akiahidi kuwatumbua wezi wa mali ya umma. Hoja ilikuwa imehama chama! Aliyeifuata hoja badala ya bendera alijikuta mlangoni kwa CCM.

Je, alikosea? Namheshimu zaidi kuliko yule aliyehama kwa hasira, kwa sababu alijua anachokifuata. Lakini na yeye aliletewa mzigo zaidi ya alioagiza. Vita dhidi ya ufisadi aliiona. Pamoja nayo aliona matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yakisitishwa mwaka 2016, na mikutano ya hadhara ya vyama ikizuiwa mwaka huohuo hadi Januari 2023. Alichagua hoja moja, akapewa serikali nzima. Hiyo ndiyo hali ya kura ya kuhama, na mpiga kura hana budi kuipima kabla, maana karatasi ya kura haina nafasi ya kuandika masharti.

Waliomfuata Lowassa nao yaliwakuta yao. Chukua Monduli, jimbo alilolishika mwenyewe kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wapiga kura wa Monduli, waliozoea CCM tangu enzi, walimchagua Julius Kalanga wa Chadema kuwa mbunge. Julai 2018 Kalanga akahamia CCM, na Septemba akachaguliwa tena kwa tiketi ya CCM katika uchaguzi mdogo. Machi 1, 2019 Lowassa mwenyewe akarudi CCM. Frederick Sumaye, waziri mkuu mwingine wa zamani aliyehama mwaka 2015, alirudi mwaka uliofuata. Wakati huo kauli ya "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli ilikuwa imewachukua wabunge na madiwani wengi wa upinzani, akiwamo Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha. Fikiria mwana-CCM wa Monduli aliyegombana na kaka yake, akatengwa tawini, akaonekana msaliti kwa sababu ya kura ile. Waliompeleka huko wote walirudi, yeye akaachwa akijieleza peke yake.

Ndiyo maana naamini adhabu ya haki zaidi kwa chama kinachokata majina ovyo iko chini, kwenye ubunge na udiwani. CCM huwaomba wapiga kura mafiga matatu: rais, mbunge na diwani wote wa chama kimoja. Ombi hilo ni zuri kwa chama. Kwa mwanachama aliyedhulumiwa kwenye mchujo si la lazima hata kidogo. Figa moja likiondolewa, makao makuu yatauliza kulikoni. Mwaka 2015 Bunda Mjini walimwondoa Stephen Wasira, waziri wa miaka mingi, wakamchagua Ester Bulaya aliyetoka CCM kwenda Chadema mwaka huohuo. Kwenye jimbo au kata mgombea mnamjua, mnajua alichofanya kwenye zahanati na barabara yenu, na akiwageuka mna mahali pa kumkuta. Rais aliyewageuka hamtamkuta popote kwa miaka mitano.

Kwenye urais, kabla ya kuhama, mwanachama aulize jambo moja kubwa: mtu huyu akirudi alikotoka kesho, je, nitaendelea kukubaliana na chama nilichokipigia kura? Kama jibu ni ndiyo, ahame bila kuona haya. Kama jibu ni hapana, basi anachokifuata ni mtu, na mtu aliyehama mara moja anaijua njia ya kurudi. Mwaka 2020 wapiga kura walilionyesha hilo wenyewe. Membe, aliyefukuzwa CCM Februari mwaka huo, aligombea urais kwa ACT-Wazalendo, na viongozi wa chama hicho wakasema wazi kwamba kura zao ni za Tundu Lissu wa Chadema. Membe aliambulia kura 81,129, chini ya asilimia moja. Kuhama kwake peke yake hakukuwa hoja. Mwaka 2025 Luhaga Mpina naye alihama CCM kwenda ACT-Wazalendo baada ya kuachwa kwenye mchujo wa ubunge, akateuliwa kugombea urais, kisha akaenguliwa kabla ya siku ya kupiga kura. Waliotaka kumpigia na waliotaka kumkataa wote walinyimwa nafasi ya kuamua.

Na hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Mwanachama aliyekatiwa mtu wake analazimika kuchagua kati ya chama kilichomdhulumu na chama asichokiamini kwa sababu Katiba ya nchi, ibara ya 39 na ya 67, inamtaka kila mgombea wa urais na ubunge awe na chama kinachomdhamini. Mgombea binafsi angempa njia ya tatu: kumfuata mtu wake bila kubeba bendera ya wengine. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania hilo mahakamani tangu miaka ya tisini. Alishinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake kwa zuio hilo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi ambao hukumu yake ingeubadilisha. Wewe mwenye kadi ya chama chochote, mchujo ujao kabla haujafika, simama kwenye kikao cha tawi lako uulize hukumu ile itatekelezwa lini.