BARAZANI KWA MWALIMU: Wakala na Uzee Wetu



Mwezi uliopita alinijia kijana wetu mmoja, mtoto wa jirani yangu wa zamani kule Tanga, amevaa tai na kukumbatia mkoba. Baada ya shikamoo na chai akaniarifu kwamba amepata leseni ya uwakala, na sasa anafundishwa kuuza bima ya matunzo ya muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe mteja wangu wa kwanza." Nikamjibu kwamba kabla ya kuwa mteja nitakuwa mtahini.

Kusoma alikuwa amesoma. Katika majimbo mengi ya Marekani wakala haruhusiwi kuuza bima hii mpaka apate mafunzo ya saa 8, kisha saa 4 kila baada ya miaka miwili. Utaratibu huo ulienea baada ya sheria iliyotiwa saini mwaka 2006, iliyopanua mpango wa ubia baina ya majimbo na kampuni za bima. Katika mpango huo, kila dola inayolipwa na bima humhifadhia mzee dola moja ya akiba yake pindi akilazimika kuomba Medicaid.

Akayataja bila kusita mambo sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kuinuka kitandani na kuzuia haja. Anayeshindwa na mawili kati ya hayo, kwa muda unaotazamiwa kufika siku 90, hustahili kulipiwa. Vivyo hivyo aliyepungukiwa na akili hata akahitaji kuangaliwa. Akaongeza kwamba Medicare hailipii matunzo ya kila siku ya mzee. Hulipia kituo cha uuguzi kwa siku zisizozidi 100, tena kwa masharti.

Hapo nilimpa alama zote. Kisha nikamwuliza: "Je, ada yangu yaweza kupandishwa baadaye?"

Akatazama kikombe. Jibu ni kwamba yaweza, jimbo likiidhinisha, na wako wazee waliolipa miaka mingi wakashindwa njiani.

"Na mama yako, utamwuzia?"

"Hapana, Mwalimu. Hana uwezo."

"Basi utawauzia mama za nani?"

Hakunijibu. Nami sikumlaumu, kwani hutafuta riziki. Lakini anaowaendea kwanza ni sisi, tunaomfungulia mlango kwa sababu tulimjua angali mtoto. Imani hiyo ni amana.

Ndugu zangu, wengi wetu huwaogesha wazee wa watu usiku kucha katika vituo vya uuguzi, na bado twajiambia kwamba bima yetu ni watoto. Watoto wapo, ila nao wana zamu mbili za kazi. Tuzungumze nao mapema, na wakala akija tumwulize. Mwongozo wa makamishna wa bima wa Marekani waonya kwamba ada ikizidi asilimia 7 ya kipato, huenda mtu asiimudu. Asiye na mali ya kulinda huenda asiihitaji kabisa. Na aliyekwisha kutia saini hupewa siku 30 za kuirudisha bima na kurejeshewa fedha zake.

Kijana alirudi baada ya juma moja. Hakuja na mkoba. Alikuja na jedwali la nyongeza za ada zilizopita, alilomwomba mkufunzi wake. Bado sijatia saini, lakini sasa namwita wakala.

Tukijaaliwa, tuonane mwezi ujao.