Saa kubwa haimfanyi mtu kuwa mkubwa, pima mkono wako kwanza

Hebu utazame mkono wako wa kushoto kidogo. Kama una saa, jiulize: umeivaa, au imekuvaa?

Usinicheke. Mimi nilivaliwa na saa karibu mwaka mzima na sikujua. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, upana milimita 50, nene kama kopo la mafuta ya kujipaka. Usoni ilikuwa na visaa vingine vitatu vidogo, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimechorwa tu. Mishale yake haikuwahi kusonga hata siku moja. Nilimpa mchuuzi mmoja pale Luthuli Avenue Sh1,800, nikaondoka nikitembea kama mheshimiwa.

Mkono wenyewe wa kuibeba sasa? Sentimita 16 kuzunguka. Mkono wa kijana aliyekuzwa na sukuma wiki. Nikiinua mkono kushika chuma ndani ya matatu, saa inateremka hadi karibu na kiwiko kama bangili ya shangazi. Nikiushusha, kile kitufe cha kando kinanidunga nyuma ya kiganja. Kila jioni nilikuwa na alama nyekundu hapo. Lakini ningeivua? Thubutu!

Ukweli ni kwamba ile saa haikuwa ya kuangalia wakati. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenilemea, na nyumbani hakuna aliyejua. Hata hizo Sh1,800 zilitoka kwa pesa alizonitumia mamangu kwenye M-Pesa akidhani ni za chakula na kodi ya chumba. Nilitaka nikifika kwetu Desemba, mtu asiniulize masomo yanaendeleaje. Aione tu saa, aseme, "Huyu kijana mambo yake yako sawa."

Ilifanya kazi siku mbili. Mamangu ana presha, na dawa yake huimeza saa mbili usiku kamili. Jioni ya tatu stima ikapotea. Akaniita kutoka jikoni: "Hebu niangalizie, ni saa ngapi?" Saa yangu ilikuwa imekufa tangu Oktoba. Betri iliisha, nami nikaendelea kuivaa hivyo hivyo. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa simu. Alinitazama, akaitazama saa, akauliza pole pole: "Sasa hiyo ya mkononi ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilipoanza kujieleza sikuishia kwenye saa, nikamwambia na ya chuo. Hakupiga kelele. Alimeza dawa yake na kusema tutaongea asubuhi. Bana, heri angepiga kelele.

Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu saizi ya saa. Najua kuna mambo mazito zaidi duniani. Lakini naona vijana wengi wa rika langu wanarudia kosa lile lile: tunanunua saa kwa ajili ya macho ya watu, halafu mkono wetu ndio unaoumia.

Januari nilimpelekea fundi mmoja wa River Road ile saa aiwekee betri. Meza yake iko mlangoni mwa duka la mtu, si pana kuliko kiti, na lenzi ameibana jichoni. Aliifungua kifuniko cha nyuma, akacheka, akaniita nione. Ndani kulikuwa na kimashine kidogo kama sarafu. Nafasi yote iliyobaki ilikuwa imezibwa kwa plastiki. "Mwili ni wa baba, mashine ni ya mtoto," akasema. Kisha akachukua uzi, akanipima mkono, akanifunza mambo ambayo hakuna mchuuzi aliyewahi kuniambia. Nakupa wewe bure.

Kwanza, zungusha uzi kwenye kifundo cha mkono, pale unapovalia saa, kisha ulaze kwenye rula. Kama ni chini ya sentimita 16, anza kutafuta saa zenye upana wa milimita 34 hadi 38. Kati ya 16 na 18, milimita 38 hadi 42 zitakukaa vizuri. Ukizidi 18, una ruhusa ya kwenda 42 na zaidi. Hizi si amri kumi za Musa, ni mahali pa kuanzia tu. Na ule upana hupimwa bila kuhesabu kitufe cha kando.

Pili, na hapa ndipo wengi huchezwa: upana peke yake haukwambii kila kitu. Tazama zile pembe nne zinazoshika mkanda, mbili juu na mbili chini. Pima kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini. Halafu pima ile sehemu bapa ya juu ya mkono wako, kutoka ukingo hadi ukingo. Urefu wa saa usizidi ubapa wa mkono. Wangu ni milimita 50. Ile dhahabu yangu ilikuwa 58, yaani ilining'inia pande zote mbili kama ubao kwenye mkokoteni. Ukiona mwanga unapita kati ya mkanda na ngozi yako, hiyo saa si yako. Irudishe. Saa mbili zinaweza kuandikwa milimita 40 zote, moja ikakukaa na nyingine ikakataa, kwa sababu ya hizo pembe tu.

Tatu, unene. Saa ya chini ya milimita 10 huingia chini ya mkono wa shati bila vita. Ukivaa kazini, kanisani au msikitini, hiyo ndiyo utakayoifurahia. Ikifika 13 au 14, itagonga kila mlango. Haimaanishi ni mbaya. G-Shock zilipoanza mwaka 1983 zilitengenezwa ziweze kuanguka bila kuvunjika, na mwili wao mnene ndio unaozikinga. Kama wewe ni mtu wa bodaboda au wa mjengo, huo unene una kazi. Kama kazi yako ni ya kukaa mbele ya kompyuta, utakuwa unakwaruza meza ya mwenyewe.

Nne, mkanda. Upana wa mkanda ukiwa karibu nusu ya upana wa saa, macho hutulia. Saa ya milimita 40, mkanda wa 20. Mkanda mwembamba kwenye saa kubwa ni kama kuvaa suti na slipasi. Kama ni cheni ya chuma na inalegea, usiikimbie. Fundi hutoa vipande viwili vitatu kwa dakika chache. Ukiifunga, kidole kidogo kipite chini yake kwa shida kidogo. Na usijaribu saa asubuhi ya baridi pekee. Mkono huvimba kidogo kukiwa na joto, waulize watu wa Mombasa.

Tano, macho hudanganyika. Uso mweupe wenye ukingo mwembamba huifanya saa ionekane kubwa kuliko ilivyo. Uso mweusi wenye ukingo mpana huipunguza. Ya mraba huonekana kubwa kuliko ya duara hata namba zikilingana. Ndiyo maana lazima uijaribu mkononi. Na usiamue kwa picha ya simu, kwa sababu kamera ikiwa karibu hukuza kilicho mbele yake. Simama hatua mbili tatu kutoka kwenye kioo, mkono umeshuka kama kawaida. Hivyo ndivyo watu wanavyokuona.

Najua kuna mmoja hapo anasema: "Lakini saa ndogo ni ya wasichana." Nilisema hivyo pia. Fundi alinijibu kwa historia. Zamani wanaume wa Ulaya walibeba saa za mfukoni zenye mnyororo, na saa ya mkononi, hata iwe ya saizi gani, ndiyo iliyoonekana kuwa pambo la wanawake. Kilichobadilisha mambo ni Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Askari aliye ndani ya handaki hana muda wa kupekua mfuko, kwa hivyo saa ikafungwa mkononi. Saa za wanaume kwa miaka mingi baada ya hapo zilikuwa ndogo. Rolex Datejust ilipotoka mwaka 1945 ilikuwa milimita 36, na saizi hiyo wanaiuza mpaka leo. Hakuna anayeiita ya kike.

Kubwa nazo zilikuwa na sababu. Wanajeshi wa anga wa Ujerumani katika Vita vya Pili walipewa saa za milimita 55 kwa sababu walizifunga juu ya jaketi, na walihitaji kuzisoma gizani. Wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia walivaa Panerai za milimita 47 ili waone wakati chini ya maji. Sasa wewe msee wa Umoja, unaenda kupiga mbizi wapi? Mto Nairobi?

Ni kuanzia miaka ya 2000 ambapo saa kubwa zilipanda chati sana kama fasheni ya kila siku, na sisi tuliozaliwa wakati huo tukakua tukidhani ukubwa ndio uanaume. Siku hizi kampuni nyingi zimeanza kurudi kwa saizi za wastani. Lakini usinunue ndogo kwa sababu fasheni imerudi, maana kesho itaondoka tena. Mkono wako hauondoki.

Na ladha je? Ladha ina nafasi yake, na sitaki kukuamulia. Kuna dada zetu wanaovaa saa ya milimita 40 ikawakaa vizuri ajabu, kwa sababu wanajua wanachotafuta. Kuna jamaa mnene ambaye saa ya 34 inamkaa kama kifungo cha shati, lakini ilikuwa ya babake na haivui. Siwezi kumwambia neno. Kama unapenda kubwa kutoka moyoni, chukua kubwa yenye pembe fupi zilizoinama chini, itakukumbatia mkono. Swali ni moja tu: ungekuwa peke yako kisiwani, bado ungeichagua? Ukijibu ndiyo, vaa. Ukisita, basi unanunulia majirani.

Wengine watasema saa ya nini na simu iko. Waambie wajaribu kutoa simu karibu na dirisha la matatu lililo wazi wakati wa msongamano wa jioni. Saa hukupa wakati bila kutoa simu mfukoni. Ila saa inayong'aa kama kioo cha gari nayo huita mikono ya watu. Ndogo isiyopiga kelele hukufikisha nyumbani nayo.

Halafu usiniambie ya kukutosha lazima iwe ghali. Casio F-91W ilianza kuuzwa mwaka 1989, bado ipo, upana wake ni kama milimita 35, uzito gramu 21, na betri yake hukaa miaka. Kuna watu wenye pesa zao wanaoivaa kwa kuipenda. Chunga tu feki, ziko nyingi mtaani.

Mimi ile dhahabu sikuiwekea betri. Fundi alikuwa na Seiko 5 ya mitumba, milimita 37, isiyotumia betri kabisa, inajijaza kwa kutikiswa na mkono ukitembea. Ukiiacha mezani siku mbili tatu utaikuta imesimama. Alitaka Sh3,000. Nilimlipa mara mbili, kwa pesa za kibarua cha kupiga picha harusini, pesa zangu. Uso wake ni mweusi, haina mbwembwe. Tangu niianze kuivaa hakuna aliyeniambia "buda, saa kali". Hakuna hata mmoja, na nimeishi.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa kwa mchuuzi, katika mtandao au kando ya barabara, chukua uzi kwanza. Pima mkono ulio nao, si ule unaotamani watu wadhani unao.

Aprili nilikuwa nyumbani tena. Masomo bado sijayarudia, na mamangu anajua, tunapanga pole pole. Usiku aliniuliza ni saa ngapi. Nikageuza mkono. "Saa mbili kasoro dakika tano, mama. Leta maji ya dawa."