Tusizibe Ardhi Yote kwa Saruji

Wenzangu wanafunzi, nanyi ndugu mliotutangulia shuleni, nataka kusema neno juu ya nyua za nyumba zetu.

Kwetu ni Gisimenti, mtaa wa Remera, mjini Kigali. Jina lenyewe lasikika kama saruji, na saruji ndiyo inayoumaliza udongo wetu. Kila mwenye nyumba ataka ua mkavu, usio na matope. Likizo ndefu iliyopita baba naye alimwita fundi. Nilimwomba kwa adabu aniachie kipande kidogo karibu na jiko, hatua tatu kwa mbili. Akajibu, "Nakupa mpaka Krismasi. Nisipoona kitu mezani, fundi atarudi."

Likizo yetu ndefu huangukia kiangazi, na mvua za vuli huanza Septemba. Kwa hiyo Agosti ni mwezi wa kutayarisha. Nililima tuta la mviringo lenye ngazi, nikalizungushia mawe, kama akarima k'igikoni ambako Serikali imekuwa ikiwafundisha wananchi kwa miaka mingi. Katikati ni juu zaidi, ili maji yashuke polepole. Kisha nikapogoa mti wetu mzee wa ikinyomoro. Mti huu huzaa kwenye machipukizi mapya. Usipokatwa, matunda huenda juu na mbali. Vipande nilivyovikata nilivipanda katika vikopo vya maganda ya migomba, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2008. Mche wa mbegu hurefuka kwanza ndipo utoe matawi, lakini mche wa kipande hubaki mfupi wenye matawi mengi, nao wafaa ua mdogo.

Sikukosa kukosea. Matawi mawili niliyakata siku ya mvua. Vidonda vikaoza, matawi yakafa. Tangu hapo najua kwamba kisu kinataka siku kavu.

Niliporudi shuleni, dada yangu mdogo alimwagilia kwa maji ya kuoshea mboga. Mbegu za dodo hazikungoja. Baada ya wiki chache tu majani yalikuwa sufuriani. Krismasi nilikuta ua wote umetiwa saruji, isipokuwa kile kipande. Ibinyomoro hazijazaa bado. Baba hakunisifu, ila niliona kiti chake kimehamia karibu na tuta.

Wako watakaosema, "Mboga zauzwa sokoni Kimironko, kisa cha kujichafua ni nini?" Nami nauliza: siku mfuko ukiwa mtupu, nani atakupa? Uchunguzi wa afya wa mwaka 2019 na 2020 ulionyesha kwamba watoto 33 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Rwanda wamedumaa. Sisemi kwamba tuta moja litaondoa shida hiyo, lakini sahani ya mtoto yahitaji mboga kila siku, si siku ya soko tu. Tena mvua inyeshapo juu ya saruji tupu, haina pa kuingia. Hushuka kilima kwa nguvu mpaka mlangoni kwa jirani.

Wengine huona haya, wakidhani jembe ni la asiyesoma. Huo ni ujinga. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakubwa kwa wadogo hushika majembe katika umuganda, wala hakuna anayepungukiwa heshima.

Basi rai yangu ni hii. Nanyi mliokwisha kupata kazi na mnajenga nyumba, kabla fundi hajamwaga saruji, pimeni hatua tatu kwa mbili karibu na jiko. Nasi wanafunzi tukirudi likizoni tusingoje kuombwa. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi cha kututoa ardhini ni chakula cha wadogo zetu, tuiname.