Usafi Uliofuta Historia

Mgeni afikaye Zimbabwe Kuu, karibu na mji wa Masvingo, hustaajabishwa kwanza na ukuta wa Ua Mkuu. Mzunguko wake ni kiasi cha mita 250, na mahali pengine kimo chake chafikia mita 11. Mawe yake yamepangwa jiwe juu ya jiwe, bila ya chokaa, na hata leo yamesimama.

Sisi twapenda afisa wetu yeyote aendaye huko aitazame ardhi pia. Kati ya mwaka 1902 na 1904 mtunzaji aliyewekwa na wakoloni, Richard Hall, aliyasafisha magofu hayo. Kwa kuwa aliamini kwamba mji ulijengwa na wageni wa kale, mabaki ya Waafrika kwake yalikuwa ni takataka. Alifukua tabaka za udongo zilizobeba ushahidi wenyewe, akazitupa. David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walithibitisha kwamba kazi ile ni ya Waafrika. Lakini kilichotupwa hakikurudi tena. Huo ndio usafi wa kuogopwa!

Mji huo si wa watu baki kwetu. Dhahabu ya bara ile ilipitia Sofala ikafika Kilwa, na humo magofuni iliokotwa sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Laiti udongo ule usingalitupwa, pengine tungaliujua ujirani huo zaidi.

Basi twawageukia wakuu wetu. Magofu ya Tumbatu na Ras Mkumbuu, kama yale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yasipelekewe majembe kwa sababu tu kiongozi atazuru kesho. Wataalamu wa mambo ya kale watangulie, na vibarua wafuate. Saruji nayo isipakwe kwenye kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa, maana huzuia unyevu kutoka na ukuta huoza kwa ndani.

Na ndugu zetu wa vijijini, jiwe la gofu lisiwe msingi wa nyumba wala kigae kisiwe mchezo wa watoto. Hata hivyo hatuoni haki kumkataza mtu jiwe bila ya kumpa sehemu katika ulinzi wake. Vijana wa mahali hapo hapo ndio wafunzwe, waajiriwe na walipwe kuwa walinzi na waongozaji wa wageni, kabla ya kuletwa mtu kutoka mjini.