Jina la Timu si Kanzu ya Kuazima

Mtendeni, mtaa wa Tabora wenye jina la mti wa jangwani na pwani, hubishaniwa swali lile lile barazani: ni mchezaji gani wa zamani aliyependwa kuliko wote? Majibu hutoka Dar es Salaam. Huyu humtaja Abdallah Kibadeni na mabao yake matatu ya mwaka 1977, Simba ilipoichapa Yanga 6-0. Yule humjibu kwa Sunday Manara, “Kompyuta” wa Yanga. Wachezaji wa Milambo, timu ya Tabora iliyocheza ligi kuu katika miaka ya 1990, hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini, kama jamaa aliyekufa na deni.

Wapo wanaoona ndiyo haki, ati asiye na kombe hana historia. Hoja mbovu! Mwaka 1993 Simba ilifungwa 2-0 na Stella ya Abidjan, nyumbani kwake, katika fainali ya Kombe la CAF, na mashujaa wale wangali wanasimuliwa. Wamehifadhiwa na jina lililobaki.

Tabora jina halikubaki. Kitayosce, timu iliyotoka Kilimanjaro, ilipanda daraja ikawa Tabora United mwaka 2023. Ilipofika 2025 ikageuzwa TRA United. Mtoto aliyempenda kipa wa msimu uliopita atamsimulia kwa jina gani?

Watetezi wataleta mfano wa Sunderland, iliyogeuka Simba mwaka 1971. Kweli. Lakini wenye timu walikuwa wale wale, na jina lilibadilika mikononi mwao. La Tabora limefuata mfuko.

Na jina la Milambo lilikuwa na uzito wake. Mtemi Mirambo ndiye aliyeipiga vita Tabora ya wafanyabiashara mwaka 1871, akaifunga njia ya misafara iliyoelekea Ujiji. Kisha mji huo huo ukalishangilia jina lake uwanjani. Washairi wa mwambao, ambao babu zao waliipita njia hiyo, wamemwaga wino kwa majahazi na marashi. Bado hawajamtungia beti hata winga mmoja wa Tabora.

Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi una kuta za kutosha. Majina ya kikosi cha Milambo yaandikwe hapo kwa rangi isiyofutika, namba na nafasi ya kila mmoja, wangali hai wanaoyakumbuka.