Mche wa Mwembe Uani

Miembe mikubwa ya Kwihara, walikokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, na ile ya njia ya misafara hadi Ujiji, ilitokana na kokwa. Kokwa huchukua miaka mingi kuzaa. Mche wa kubebeshwa huweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne.

Wangu wa kwanza niliununua kwa fedha ya sare za mtoto, nikaupanda Agosti. Ulipochipua nilishangilia. Kumbe machipukizi yalitoka chini ya kovu la kubebeshea! Niliyaacha, yakaua kikonyo cha dodo, nikabaki na maembe madogo yenye nyuzi tupu. Baba watoto hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi, kabla ya kulipa litazame kovu: liwe limeungana vizuri. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza kabisa, maana mbichi huita mchwa. Panda mvua zikishakolea, Desemba hivi. Kovu libaki juu ya udongo, na kila chipukizi la chini yake likate. Maua ya mwaka wa kwanza yaondoe, hata kama roho inauma.

Embe bivu humpatia mtoto vitamini A kwa ajili ya macho, ila asipewe kabla ya miezi sita.

Wangu wa pili mbuzi wa jirani ameshautafuna. Umechipua tena, safari hii juu ya kovu. Nimeuzungushia miiba.