BEI YA KUKATA MTI MKUBWA



Hapa Maseno mikaratusi iliyopandwa zamani imekuwa mikubwa mno. Mingine yainamia nyumba, mingine nyaya za stima, mingine reli ya Butere. Wenzetu wengi huitwa kuikata siku za mapumziko. Mwenye mti huuliza, "Shilingi ngapi?", nao hutaja bei wakiwa bado mlangoni. Bei kama hiyo ni ya kubahatisha tu.

Kwanza tuuzunguke mti. Gogo bichi la mkaratusi lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 lina uzito wa karibu tani 8. Je, litaanguka wapi? Pakiwa na uwanja mtupu, kazi ni ya asubuhi moja. Pakiwa na nyumba, sharti likatwe kipande kipande na kuteremshwa kwa kamba, nazo ni siku kadhaa. Tugonge shina tusikie kama limeoza ndani, maana mti uliooza si wa kukwea.

Kisha tuhesabu: watu, siku, mshahara wa kila siku, petroli, kamba, lori, kung'oa kisiki, na bima. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 juu ya majeraha kazini yamtaka kila mwajiri awakatie wafanya kazi wake bima. Tupatane pia kuni na mbao ni za nani.

Mwenye kupunguza bei hapunguzi uzito wa mti. Hupunguza watu, kamba na bima, na hasara humwangukia yule aliye juu ya mti. Basi bei isiyotosha tuikatae sote pamoja.